Matembezi ya kuangalia viumbe yanahifadhi nini hasa?

Matangazo ya matembezi haya yanafanana karibu kila mahali. Njoo asubuhi na mapema, vaa viatu vya kufunga, beba maji ya kunywa, tutazunguka na mwongozaji kuangalia ndege, vipepeo na viumbe wengine wa eneo letu, yote kwa ajili ya uhifadhi. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayotatiza. Watu ishirini wakipita kichakani huku shingo zimeelekea juu, ndege anafaidika nini? Hajapata tundu la kutagia, hajaongezewa chakula, na kama kuna kitu amepata basi ni bughudha.

Swali hilo ni la haki, ingawa waandaaji wengi huliona kama uchokozi. Ukweli ni kwamba matembezi yenyewe hayamhifadhi mnyama yeyote. Kinachohifadhi ni kile kinachobaki watu wakishatawanyika: kumbukumbu zilizoandikwa ipasavyo, kazi ya mikono iliyofanywa mahali panapostahili, au watu wachache wanaoweza kusimama mkutanoni wakaeleza eneo hilo lina nini na litapoteza nini. Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichobaki, basi asubuhi ile ilikuwa ya kunyoosha miguu. Si jambo baya, lakini liitwe kwa jina lake.

Mkanganyiko unaanzia hapo, kwa sababu neno "tukio la uhifadhi" limebeba shughuli ambazo hazifanani kabisa. Kuna matembezi ya kujifunza, ambayo shabaha yake ni aliyekuja kutembea. Kuna siku za kuhesabu, ambazo shabaha yake ni takwimu. Na kuna siku za kazi, za kuzoa taka, kung'oa magugu au kupanda miti, ambazo shabaha yake ni eneo lenyewe. Kila moja ina namna yake ya kufaulu na ya kufeli, na kipimo cha moja hakifai kwa nyingine. Kuyapima matembezi ya kujifunza kwa idadi ya spishi zilizoonekana ni kosa, sawa na kuipima siku ya kuhesabu kwa furaha ya waliohudhuria.

Tuanze na matembezi ya kujifunza. Mwongozaji mzuri utamjua kwa mwendo wake wa polepole. Kundi linaweza kumaliza saa nzima bila kwenda mbali, kwa sababu amesimama kwenye mchanga mkavu chini ya mwamba ulioinama, mahali mvua isipofika, anaonyesha vishimo vidogo vyenye umbo la faneli. Wengi wanadhani ni alama za matone ya maji. Anachuma jani la nyasi, anagusa ukingo wa kishimo kimoja, chembe chache za mchanga zinaporomoka, na ghafla kutoka chini mchanga unarushwa juu. Kuna buu wa mdudu aitwaye kitukutuku amejizika humo, taya tu ndizo ziko nje. Sisimizi akiteleza, kila anapojaribu kupanda ukuta unamporomokea, na yule wa chini humrushia mchanga zaidi ili aanguke upesi. Buu huyo hutembea kinyumenyume. Tena hatoi kinyesi kigumu mpaka atakapogeuka kuwa mdudu kamili mwenye mabawa. Uchafu wote wa ubuu wake hukaa tumboni ukisubiri siku hiyo. Watoto husahau jina la mdudu kabla hawajafika nyumbani, lakini habari ya kinyesi hawaisahau.

Je, huo ni uhifadhi? Kwa njia ya mzunguko, ndiyo. Mwaka 1995 Daniel Pauly, mtaalamu wa uvuvi, aliandika kuhusu jambo ambalo baadaye lilienea katika nyanja zote za mazingira: kila kizazi cha wataalamu huchukua hali kiliyoikuta mwanzoni mwa kazi yake kuwa ndiyo hali ya kawaida, kisha hupima upungufu kuanzia hapo. Babu aliona samaki wengi, baba akaona wa wastani, mtoto anaona wachache, na kila mmoja anaamini kwamba alichokikuta ndicho kilichokuwepo siku zote. Hasara inagawanywa vipande vidogo kwa vizazi mpaka hakuna anayeilalamikia. Sasa fikiria mtu ambaye hata hicho kidogo kilichopo hajawahi kukiona. Mchanga ule chini ya mwamba ukimwagiwa zege kesho, kwake hakuna kilichopotea. Aliyechuma jani la nyasi na kuona taya zikifanya kazi ana angalau kitu cha kulinganisha.

Lakini hapa pana mtego, na nadhani ndio mkubwa kuliko yote. Kujua hakuzai kutenda moja kwa moja. Mtu anaweza kutaja majina ya ndege hamsini na bado akapulizia bustani yake dawa ya wadudu kila wiki bila kuona kinachounganisha mambo hayo mawili. Zaidi ya hapo, wanaojitokeza kwenye matembezi kwa kawaida ni wale waliokwisha kushawishika: wana darubini zao, kofia zao, na wanajuana. Mwongozaji anawahubiria waumini. Ndiyo maana waandaaji wenye busara hawajisumbui sana kuongeza idadi ya watu. Wanahangaika na nani amekuja. Mwenye shamba linalopakana na kinamasi akija mara moja ana uzito kuliko wapenzi wa ndege waliokuja mwaka mzima, kwa kuwa yeye ndiye anayeamua kinamasi kifukiwe au kiachwe. Vivyo hivyo kwa diwani, mwalimu, na mkandarasi anayefyeka kando ya barabara.

Siku za kuhesabu ni habari nyingine. Historia yake inayojulikana zaidi ilianzia kwenye mchezo wa kuua. Mwishoni mwa karne ya 19 huko Amerika Kaskazini kulikuwa na desturi ya watu kugawanyika makundi siku ya Krismasi na kushindana kupiga risasi ndege na wanyama. Kundi lenye rundo kubwa ndilo mshindi. Mwaka 1900, Frank Chapman, mtaalamu wa ndege, alipendekeza watu watoke vilevile, ila wahesabu badala ya kuua. Mwaka huo walijitokeza watu 27 katika vituo 25. Hesabu hiyo ya Krismasi haijakoma mpaka leo. Kila kituo sasa ni duara lenye kipenyo cha kilomita 24, na hesabu hufanyika siku moja kati ya tarehe 14 Desemba na 5 Januari. Ndege wa majini nao wana hesabu yao ya kimataifa, inayofanyika hasa kila Januari tangu 1967.

Thamani ya hesabu hizi haimo katika mwaka mmoja. Imo katika kurudi. Mtu mmoja akihesabu bata 40 kwenye bwawa, hajatuambia lolote. Huenda walikuwa 400 jana wakaruka, huenda alifika wakati jua limeshakuwa kali wakajificha kwenye matete. Watu wakifika bwawa lilelile, majira yaleyale, kwa utaratibu uleule, kwa miaka 30, makosa ya siku mojamoja huanza kufutana na mwelekeo hujitokeza.

Mfano ninaoupenda unatoka Ujerumani, kwenye chama cha wapenzi wa wadudu cha mji wa Krefeld, ambacho wanachama wake wengi ni watu wa kujitolea. Walikuwa wakitega mitego ya chandarua inayofanana na hema, ambamo mdudu anayeruka hukutana na ukuta wa wavu, hupanda juu kutafuta njia, na kuishia ndani ya chupa yenye spiriti. Walifanya hivyo katika maeneo 63 yaliyohifadhiwa. Kilichowatofautisha na wengine ni ukaidi: mtego wa aina ileile, wavu wa aina ileile, na chupa zote zikahifadhiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Katika miaka 27, uzito wa jumla wa wadudu wanaoruka ulikuwa umepungua kwa zaidi ya asilimia 75, tena ndani ya hifadhi, ambako watu walidhani mambo ni salama. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima, na msingi wake ulikuwa watu waliokubali kufanya jambo lilelile, la kuchosha, kwa miongo kadhaa.

Kuchosha ndilo neno lenyewe. Hapa ndipo hamu ya waandaaji ya kuvutia watu inapogongana na mahitaji ya sayansi. Mshiriki anataka kuona kitu adimu. Takwimu zinamtaka aandike vya kawaida. Mshiriki anapiga picha tai na kumpuuza shomoro wa kumi na saba, kumbe shomoro ndiye ambaye kupungua kwake kungekuwa habari. Programu nzuri za kurekodi ndege, kama eBird iliyoanza mwaka 2002, humwuliza mtumiaji swali moja linaloonekana dogo: je, hii ni orodha kamili ya ndege wote uliowatambua? Jibu la ndiyo hugeuza thamani ya orodha nzima. Kama uliandika kila uliyemtambua, basi ambaye hayumo kwenye orodha hakuonekana, na kutoonekana nako ni taarifa. Orodha ya vivutio peke yake haiwezi kusema hivyo. Ndiyo maana pia mtu huombwa aandike alitembea kwa muda gani na umbali gani. Ndege kumi kwa dakika kumi si sawa na ndege kumi kwa siku nzima.

Kuna namna ya kuhesabu iliyo kinyume cha uvumilivu huo, na nayo ina kazi yake. Mwaka 1996, katika bustani ya Kenilworth jijini Washington, wataalamu na wakazi walijipa saa 24 kuorodhesha kila kiumbe wanachoweza kukipata, kuanzia kuvu hadi popo, wakafikia karibu spishi 1,000. Tukio hilo liliitwa BioBlitz na likaigwa kote. Kwa kweli, halikuambii kama spishi fulani inaongezeka au inapungua. Linachokupa ni orodha ya waliomo, pamoja na tarehe. Hiyo inatosha kufanya kazi moja muhimu: siku kampuni itakapoleta tathmini ya athari kwa mazingira inayodai eneo ni kichaka kitupu, kutakuwa na karatasi inayosema vinginevyo.

Wakati mwingine rekodi moja tu huwa na uzito wa ajabu. Kwa miaka mingi Fred Urquhart wa Kanada alishirikisha maelfu ya watu wa kujitolea kubandika vilebo vidogo kwenye mabawa ya vipepeo wanaoitwa monaki, ili ijulikane wanakwenda wapi majira ya baridi. Mahali penyewe, milimani katikati ya Meksiko, paligunduliwa Januari 1975. Mwaka uliofuata Urquhart alifika huko mwenyewe, na kati ya mamilioni ya vipepeo akapatikana mmoja mwenye kilebo. Alikuwa amebandikwa Agosti iliyotangulia na mwalimu na wanafunzi wake huko Minnesota, zaidi ya kilomita 2,500 kutoka hapo. Bila namba kwenye kilebo na bila mtu aliyeandika daftarini namba ile ilibandikwa wapi na lini, angekuwa kipepeo kama wengine.

Siku za kazi za mikono ndizo zinazoonekana wazi kuwa uhifadhi, na kwa sababu hiyo huchunguzwa kidogo mno. Zinastahili kuchunguzwa zaidi.

Kupanda miti ndiko kunakopendwa kuliko yote. Picha zake ni nzuri, kila mtu anaondoka na udongo mikononi. Lakini mti si uhifadhi kila mahali. Kuna ndege, vipepeo na mimea inayoishi kwenye nyasi wazi tu, na baadhi ya nyika hizo zina umri mkubwa kuliko misitu mingi. Ukizijaza miti, tena ya kigeni inayokua haraka, umeharibu makazi kwa nia njema. Kabla ya kuchimba shimo la kwanza inafaa kuuliza mahali hapa palikuwaje, na kama hapajawahi kuwa msitu, miti hiyo inamfaa nani. Kisha lipo suala la maji na kupalilia mwaka wa pili, ambapo wapiga picha hawapo.

Kung'oa mimea vamizi kama gugumaji au lantana kuna mantiki bora zaidi, mradi kuwe na ratiba ya kurudi. Mbegu zilizolala ardhini huota tena, na vipande vilivyoachwa majini huchipua. Siku moja ya kung'oa bila ya pili na ya tatu ni jasho la bure, na pengine mbaya kuliko bure, kwa kuwa udongo uliochimbuliwa ndio magugu yanaupenda.

Kuzoa taka fukweni kuna somo lisilotarajiwa. Taka huletwa tena na mawimbi, kwa hiyo usafi wa jana si ushindi mkubwa. Ila usafishaji ulioanza Texas mwaka 1986, ambao baadaye ulikuwa zoezi la kimataifa la kila mwaka, uliwataka watu waandike kila wanachookota: vifuniko vingapi, vipande vya kamba vingapi, vichungi vya sigara vingapi. Gunia likishatupwa jalalani limekwisha. Fomu ndiyo inayoeleza taka zinatoka wapi, na anayetaka kuziba chanzo anaanzia hapo.

Mkasa wa vyura wa Uingereza unaonyesha jambo hilohilo kwa uchungu zaidi. Kila mwisho wa majira ya baridi vyura wa aina ya Bufo bufo huanza safari usiku kwenda kwenye mabwawa ya kuzaliana, na barabara zimekatiza njia zao. Watu wa kujitolea husimama gizani na mvua inanyesha, wamevaa vizibao vya kuakisi mwanga, wakiwaokota vyura kwenye ndoo na kuwavusha. Kila usiku wanaandika wamevusha wangapi na wamekuta wangapi wamekanyagwa. Daftari hizo zilipochambuliwa na matokeo kuchapishwa mwaka 2016, ilionekana kwamba vyura hao walikuwa wamepungua kwa takriban asilimia 68 katika miaka 30, pamoja na kazi yote ile ya ndoo. Mtu anaweza kusema basi kuvusha hakusaidii. Mimi nasoma tofauti kidogo: bila wavushaji huenda hali ingekuwa mbaya zaidi, na hakika bila daftari zao hakuna ambaye angejua, kwa sababu chura huyo alihesabiwa kuwa wa kawaida na hakuna aliyekuwa akimfuatilia.

Na madhara? Yapo, na mwongozaji asiyeyataja si wa kumfuata. Kucheza sauti ya ndege iliyorekodiwa ili dume ajitokeze humfanya aache kula au kulinda kiota akapambane na mpinzani ambaye hayupo. Kundi likikaribia kiota, mzazi huondoka, mayai hupoa, na harufu na njia iliyokanyagwa huwaonyesha wanyama wawindaji pa kupita. Viatu vyenye tope hubeba vimelea. Ugonjwa wa kuvu ulioua mamilioni ya popo Amerika Kaskazini, uliobainika mara ya kwanza katika jimbo la New York mwaka 2006, umefanya kusafisha viatu na nguo kabla ya kuhamia pango jingine kuwa sharti katika maeneo mengi. Usiku, tochi yenye mwanga mwekundu na iliyoelekezwa chini huwasumbua wanyama wengi kidogo kuliko nyeupe iliyoelekezwa machoni.

Hatari mpya zaidi iko kwenye simu. Picha ya kiumbe adimu pamoja na mahali ilipopigwa ni ramani kwa mwindaji haramu. Mjusi mmoja wa mapangoni kusini mwa China, Goniurosaurus luii, alielezwa kisayansi mwaka 1999, na wakusanyaji wa wanyama adimu wakaitumia taarifa hiyo kumfikia mpaka mahali alipopatikana kwanza akasakwa vibaya mno. Baadaye wataalamu walipoeleza jamaa zake wapya waliacha kutaja mahali. Ndiyo sababu iNaturalist, jukwaa la mtandaoni la kurekodi viumbe, huficha mahali halisi pa spishi zilizo hatarini na kuonyesha tu eneo pana lenye upana wa kilomita ishirini na kitu. Lakini jukwaa haliwezi kuificha picha uliyoituma kwenye kundi la marafiki ukiwa bado umesimama pale.

Kwa hiyo anayetaka kuchagua kati ya matangazo matatu yaliyobandikwa ukutani ana njia nyepesi. Aulize orodha za mwaka jana ziko wapi na nani anazisoma. Aulize eneo lililopandwa au kusafishwa lina hali gani leo, na kama inawezekana kwenda kuliona. Kama ni matembezi ya kujifunza, aulize kundi ni kubwa kiasi gani. Wakizidi watu kumi na watano hivi, wa nyuma hawasikii wala hawaoni, na mwongozaji anaanza kupaza sauti. Waandaaji wanaojua wanachofanya hujibu maswali haya haraka, mara nyingi kwa furaha, kwa kuwa ni wachache wanaowauliza. Wengine watakuambia kwamba jambo la muhimu ni kushiriki. Hao nao unaweza kwenda kutembea nao, kama asubuhi ni nzuri. Beba tu daftari lako mwenyewe.